Nani Kakwambia Hicho ni Kiima?

Hotuba hii ilitolewa kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa Isimu na Kiswahili mwanzoni mwa muhula. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa. Michoro iliyokuwa ukutani imeachwa. Ilipolazimu, imeelezwa kwa maneno.

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, nanyi wanafunzi mliojaa mpaka kwenye ngazi, hamjambo? Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimepewa dakika arobaini nieleze somo la sintaksia, yaani muundo wa sentensi, linamtaka mwanafunzi afanye nini. Jibu langu ni neno moja, ushahidi, na dakika zote zilizobaki ni za kulifafanua.

Ninyi mmetoka sekondari mkijua kuchanganua sentensi. Waliosoma Tanzania wamechora ngoe, ule mchoro wa kuigawa sentensi. Waliosoma Kenya wamechora matawi, wakajaza jedwali, wakapanga mishale. Nikiandika ubaoni *Mwalimu mpya anafundisha darasani*, mkono unaanza wenyewe: S (sentensi) inagawanyika kuwa KN (kirai nomino) na KT (kirai kitenzi), KN inatoa N (nomino) na V (kivumishi), KT inatoa T (kitenzi) na E (kielezi). Kazi imekwisha, kalamu chini.

Hapa chuoni kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa nini? Kwa sababu mchoro ule ni dai. Umedai kwamba *mwalimu mpya* ni fungu moja na *anafundisha darasani* ni fungu jingine. Nani kakwambia? Maneno *mpya anafundisha* nayo yamekaa jirani. Mbona hayo hukuyafunga pamoja? Ukijibu "ndivyo tulivyofundishwa", umejibu kama mtahiniwa. Mwanaisimu anajibu kwa kuonyesha.

Na tuelewane mapema: ujuzi tunaoutafuta mnao tayari, hata pale maana inapokosekana. Sikilizeni sentensi hii niliyoitunga: *Vitongwi vile vitatu vilikifyanzua kipwasu changu.* Kuna anayejua kitongwi ni nini? Hakuna, maana hakipo. Lakini nikiuliza vilikuwa vingapi, mtasema vitatu. Nani alifanya? Vitongwi. Kilichofanyiwa ni cha nani? Changu. Kimoja kinaitwaje? Kitongwi. Mmejibu yote bila kamusi. Somo letu linachunguza ujuzi huo: jinsi maneno yanavyoungana kuwa virai, yaani mafungu ya maneno yanayokwenda pamoja, virai kuwa vishazi, yaani mafungu yenye kitenzi, na vishazi kuwa sentensi.

Sasa, ushahidi unapatikanaje? Chukueni sentensi ya kawaida kabisa: *Asha alinunua kitabu cha mwalimu sokoni.* Nadai kwamba *kitabu cha mwalimu* ni kirai. Nani kaniambia?

Kwanza nauliza swali. *Asha alinunua nini sokoni?* Jibu: *kitabu cha mwalimu*. Jibu limesimama lenyewe. Sasa nitafutieni swali ambalo jibu lake ni *cha mwalimu sokoni*, nusu ya kirai na nusu ya kingine. Halipo.

Pili nasogeza, na kwa Kiswahili chombo kizuri cha kusogezea ni *ndi-*. *Kitabu cha mwalimu ndicho alichonunua Asha sokoni.* Sawa. *Sokoni ndiko alikonunua Asha kitabu cha mwalimu.* Sawa pia. Jaribuni kuweka mbele *cha mwalimu sokoni*. Mtakwama hata kabla ya kufika kwenye kitenzi, kwa sababu *ndi-* inadai kipatanishi na hamjui mseme *ndicho* au *ndiko*. Kukwama huko ni data. Kuandikeni.

Tatu naunganisha: *Asha alinunua kitabu cha mwalimu na kalamu ya wino sokoni.* Vitu viwili vya hadhi moja vimekubali *na*.

Nne nabadilisha, na hapa ndipo KT inapopata utetezi wake. *Asha alinunua kitabu sokoni, na Juma akafanya hivyo hivyo.* Juma alifanya nini? Alinunua kitabu sokoni. *Akafanya hivyo* imemeza kitenzi, yambwa (hapa, kile kilichonunuliwa) na mahali, yote kwa mpigo. Kisichomezwa ni Asha. Kwa hiyo mpaka wa kwanza wa sentensi uko kati ya Asha na vingine vyote, na mstari ule mnaouchora kutoka S kwenda KN na KT una sababu.

Nawatahadharisha juu ya jaribio la *na*. Ni jaribio karimu mno, linakubali hata visivyo virai. Mtu anaweza kusema: *Asha alinunua na Juma akauza kitabu kile kile.* Ukilitegemea peke yake utahitimisha kwamba *Asha alinunua* ni kirai, jambo ambalo majaribio mengine matatu yanalikataa. Ndiyo maana sharti la kozi hii ni majaribio yasiyopungua mawili yanayoelekeza upande mmoja. Mwanafunzi anayeleta jaribio moja kwa kawaida ameleta lile lililomfurahisha.

Neno kuhusu alama, kabla sijasahau. Kwetu V ni kivumishi na T ni kitenzi. Mkifungua kitabu cha Kiingereza V ni kitenzi, na kivumishi kina herufi A. Kila mwaka kuna anayenakili mchoro kutoka kitabu cha Kiingereza, akasahau kubadilisha, sentensi yake ikawa na kivumishi kinachobeba yambwa. Chagueni mfumo mmoja, muutaje mwanzoni mwa karatasi, msiuhame.

Nije kwenye jambo ambalo Kiswahili kinatupa bure na si kila lugha inalo. Ngeli zetu huonyesha mipaka ya virai waziwazi. Linganisheni *kitabu cha mwalimu kipya* na *kitabu cha mwalimu mpya*. Katika ya kwanza kivumishi kimepanda juu, kinaning'inia kwenye KN kubwa yenye kichwa, yaani neno kuu, *kitabu*. Katika ya pili kiko chini, ndani ya fungu la *mwalimu*. Mfuatano wa maneno ni ule ule, silabi moja tu imebadilika, na mchoro mzima umebadilika nayo.

Basi ondoeni tofauti ya ngeli muone kinachotokea: *mtoto wa mwalimu mpya*. Nani mpya? Mtoto aliyehamia shuleni, au mwalimu? Kirai hiki kina michoro miwili na masikio hayawezi kuamua. Msidhani huu ni mchezo wa darasani. Fikirieni tangazo linalosema: *Posho italipwa kwa walimu na wakufunzi wa muda.* Mwalimu wa kudumu atapata au hatapata? Ukiifunga *wa muda* kwenye *wakufunzi* peke yake, atapata. Ukiifunga kwenye fungu lote la *walimu na wakufunzi*, hatapata. Mhasibu atasoma mchoro mmoja, chama cha wafanyakazi kitasoma mwingine, na hakuna aliyekosea sarufi. Dawa yake ni ya kisintaksia: geuza mpangilio, *wakufunzi wa muda na walimu*, au rudia kivumishi pande zote mbili. Anayejua utata unakaa wapi anajua pa kukata.

Sasa kiima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa.

Kiima ni nini? Nasikia: "mtenda". Haya, tazameni sentensi tatu.

*Maji yamejaa mtungini.*
*Mtungi umejaa maji.*
*Mtungini mmejaa maji.*

Tukio ni moja. Mtungi ni ule ule, maji ni yale yale, na hakuna anayetenda chochote. Lakini kitenzi kimebadilisha kiambishi mara tatu: *ya-* kwa maji, *u-* kwa mtungi, *m-* kwa mahali pa ndani. Tukigeuza kuwa vishazi rejeshi, yaani vishazi vinavyoeleza jina lililotangulia, hali ni ile ile: *maji yaliyojaa mtungini, mtungi uliojaa maji, mtungini mlimojaa maji.* Kiima basi ni cheo katika muundo, na anayekishika ni yule anayeamuru upatanisho wa mwanzo wa kitenzi. Utendaji ni habari ya maana. Inapatana na cheo hicho mara nyingi, si mara zote.

Je, anayekaa mwanzo wa sentensi ndiye kiima? Nani kakwambia? Ichukueni methali mnayoijua tangu utotoni: *Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.* Mwanafunzi mwenye haraka anapigia mstari *mtoto* na kuandika "kiima". Kiima cha nini? Kifungueni kitenzi kinachofuata: *u-m-le-a-vyo*. Kiima ni *u-*, yaani wewe mlezi. Mtoto yumo, lakini ndani ya *-m-*, kwenye nafasi ya yambwa. Katika *umleavyo*, mtoto ni yambwa iliyotangulizwa mbele ili izungumziwe. Na mkifika kwenye *a-ku-a-vyo*, angalieni: *a-* ndiye mtoto, lakini *-ku-* hapo ni mzizi wa *kukua*. Kila mwaka kuna anayeiandika kuwa kiambishi cha yambwa cha nafsi ya pili, na methali ikageuka kitendawili.

Mfano mgumu zaidi: *Kitanda hiki kinalala watu watatu.* Anayelala ni nani? Watu. Kitenzi kinapatana na nani? Kitanda. Kwa kipimo chetu, kitanda ni kiima. Sawa, na *watu watatu* ni nini? Wengi mtasema yambwa, kwa kuwa wamekaa baada ya kitenzi. Twende kwenye majaribio. Yambwa ya watu hukubali kiambishi ndani ya kitenzi: *nimewaona watu watatu*. Hapa? *\*Kitanda hiki kinawalala watu watatu.* Haiwezekani. Yambwa hugeuka kiima sentensi ikifanywa ya kutendwa: *watu watatu wameonwa*. Hapa? *\*Watu watatu wanalalwa na kitanda hiki.* Haiwezekani kabisa. Majaribio mawili yamekataa. Basi *watu watatu* hawana tabia ya yambwa, na cheo cha kiima kimeshikwa na kitanda. Swali la wao ni nini hasa lina majibu yanayoshindana, na mtayasoma. Ninachotaka leo ni mwone njia: hatukuulizana maoni, tumejaribu.

Nihamie kwenye vishazi rejeshi. Kiswahili kina njia tatu za kuvijenga. Unaweza kupachika kirejeshi, kiambishi kama *-ye-*, baada ya njeo, yaani alama ya wakati: *mgeni aliyefika*. Unaweza kukiweka mwishoni mwa kitenzi kisicho na alama ya njeo: *mgeni afikaye*. Au unaweza kukibebesha *amba-*: *mgeni ambaye alifika*. Mwanasarufi Ashton alizieleza katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944, na vitabu vingi vinaziorodhesha kana kwamba ni nguo tatu za kuchagua asubuhi. Si hivyo. Kila moja ina masharti yake.

Njia ya kwanza inakubali *-na-*, *-li-*, na wakati ujao kwa umbo la *-taka-*: *anayefika, aliyefika, atakayefika*. Haikubali *-me-*. Hakuna *\*ameyefika*, ni lazima *ambaye amefika*. Ukanushi uliopita pia haupiti: *\*hakuyefika* hakuna, ni *ambaye hakufika*, *asiyefika* ipo, lakini haibebi wakati uliopita. Kwa hiyo *amba-* mara nyingine ndiyo mlango pekee uliobaki wazi.

Kisha mpangilio. *Kitabu ambacho Juma alisoma* ni sahihi. *Kitabu alichosoma Juma* ni sahihi. Lakini *\*kitabu Juma alichosoma* inakwaruza. Kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, kitenzi hukataa kutenganishwa na jina linalorejeshwa, na kiima husukumwa nyuma. Na kusukumwa huko kunazaa utata ambao waandishi wa habari wanapaswa kuuogopa: *mtuhumiwa aliyempiga askari*. Nani kapigwa? Usomaji wa kwanza: mtuhumiwa alimpiga askari, *a-* ni mtuhumiwa na *-m-* ni askari. Usomaji wa pili: askari alimpiga mtuhumiwa, *a-* ni askari aliyesukumwa nyuma, na *-m-* ni mtuhumiwa. Wote wawili ni wa ngeli moja, kwa hiyo viambishi haviwezi kututenganishia. Mwandishi makini ataandika *mtuhumiwa ambaye askari alimpiga*, na shauri limekwisha. Lile kosa mnalolisikia redioni, *mtu ambaye aliyefika*, ni urejeshi uliofanywa mara mbili. *Amba-* imeshabeba *-ye*. Kitenzi hakina haja nayo tena.

Sasa mtaniuliza: hizo nyota unazoziweka mbele ya visivyosemeka, nani kakwambia wewe? Swali zuri, tena la zamani sana. Waliosoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu madrasani wanaijua habari ya Sibawayhi. Mtu wa asili ya Uajemi, karne ya 8, aliyesoma Basra, mji wa Iraki, kwa mwanasarufi Al-Khalil bin Ahmad akawa bingwa wa sarufi ya lugha isiyo ya mama yake. Inasimuliwa kwamba alikwenda Baghdad, na kwa waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki akakutanishwa na Al-Kisai, mkuu wa wanasarufi wa Kufa, mji uliokuwa ukishindana na Basra. Akaulizwa juu ya sentensi yenye maana hii: nilidhani ng'e huuma vikali kuliko nyigu, kumbe ni sawasawa. Ubishi ulikuwa juu ya kiwakilishi cha mwisho tu: kiwe na umbo la kiima au la yambwa? Sibawayhi akasema umbo la kiima peke yake. Al-Kisai akasema yote mawili yanafaa. Wakaitwa Mabedui waliokuwa mlangoni, wasemaji halisi, waamue. Wakamuunga mkono Al-Kisai. Sibawayhi akashindwa hadharani, akarudi kwao, na inasemekana hakuishi sana baada ya hapo. Wafuasi wa Basra wakadai baadaye kwamba mashahidi wale walihongwa, au walimwogopa Al-Kisai aliyekuwa na cheo kwa khalifa Harun al-Rashid.

Iwe walihongwa au hawakuhongwa, angalieni kilichoharibika katika utafiti ule. Mashahidi waliulizwa mbele ya wakubwa. Waliulizwa sentensi moja. Waliulizwa nani amepatia, badala ya wao wenyewe wangesemaje. Makosa hayo matatu nayaona katika kazi za nyumbani kila muhula. Mwanafunzi anamfuata mwenzake bwenini na kumuuliza, "Eti *nimeona Juma* ni sahihi?" Mwenzake anahisi mtihani, anajibu alichofundishwa darasa la nne.

Fanyeni hivi. Anzeni na hali: mko kituo cha basi, Juma amepita, mtu anakuuliza kama umemwona, ungesemaje? Sikilizeni kinachotoka chenyewe. Ndipo baadaye mlete sentensi mnayoichunguza, lakini msiilete peke yake. Kwa kila sentensi ya mashaka tangulizeni mbili zilizo sawa bila shaka na moja mbovu wazi, mzichanganye, ili mjue kama msemaji anasikiliza au anaitikia tu. Andikeni anatoka wapi. *Nimeona Juma* bila *-m-* mtaisikia Nairobi bila mtu kushtuka, Unguja watakusahihisha. Haya si makosa ya upande mmoja, ni sarufi mbili zinazokaribiana, na karatasi yako lazima iseme inazungumzia ipi. Nyota ni kwa kisichosemeka. Alama ya kuuliza mbele ya sentensi ni kwa kinachotia shaka. Alama ya reli (#) ni kwa sentensi iliyo sawa kimuundo lakini haina maana ya kueleweka, kama vile vitongwi vyangu. Msizichanganye.

Chanzo cha pili cha ushahidi ni kongoo, yaani hifadhi kubwa ya maandishi halisi yaliyokusanywa kwa utafiti. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen, itakuonyesha watu waliandika nini kweli. Ni nzuri kwa kumwumbua anayesema "hakuna anayesema hivyo". Ina udhaifu wake: kutoipata sentensi humo hakuthibitishi kwamba haiwezekani, na kuipata mara mbili kunaweza kuwa uchovu wa mhariri wa zamu ya usiku.

La mwisho kubwa, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Lugha ya nyumbani kwako ni data.

Mwanaisimu Joseph Greenberg alipochapisha mwaka 1963 utafiti wake juu ya mpangilio wa maneno duniani, alitumia sampuli ya lugha 30. Kiswahili kilikuwamo, na Kimaasai kilikuwamo. Zinatofautianaje? Kiswahili huanza na kiima, kikafuata kitenzi, kisha yambwa. Kimaasai huanza na kitenzi, na kinachokuambia jina lipi ni kiima na lipi ni yambwa ni toni ya jina lenyewe. Wanaisimu Tucker na John Tompo ole Mpaayei walilieleza hilo katika sarufi yao ya 1955. Ukitoka umaasaini ukaingia Mbulu, kwenye Kiiraqw yambwa inatangulia kitenzi. Ukishuka Kondoa, Kirangi, ambacho ni Kibantu kama Kiswahili, kina njeo mbili za wakati ujao ambamo kitenzi kikuu kinakuja kwanza na kitenzi kisaidizi nyuma yake, kinyume cha ndugu zake karibu wote. Ajabu zaidi, ukiuliza swali au ukiingia kwenye kishazi rejeshi, mpangilio unageuka na kuwa wa kawaida. Mwanaisimu Hannah Gibson ameuchambua kwa kina. Yote hayo kaskazini na katikati ya nchi moja!

Na tazameni yambwa mbili. Kwa Kiswahili: *Mwalimu alimpa Juma kitabu.* Tukifanya ya kutendwa, *Juma alipewa kitabu* ni sawa, *\*kitabu kilipewa Juma* si sawa. Kiambishi cha yambwa ni kimoja tu, na ni cha Juma: *alimpa*, *\*alikimpa* haipo. Yambwa mbili kwa macho, moja tu yenye haki. Mngeisoma sintaksia ya Kiswahili peke yake mngedhani hiyo ni sheria ya Kibantu, pengine ya ubongo wa binadamu. Mwaka 1990 wanaisimu Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha makala juu ya Kivunjo, Kichaga cha Kilimanjaro, lugha ya nyumbani kwa Lioba Moshi mwenyewe. Humo yambwa zote mbili zina haki: yoyote inaweza kuwa kiima cha kutendwa, na zote mbili zinaweza kuingia ndani ya kitenzi kwa pamoja. Kuna kitenzi *naikimlyiia*, nakiandika bila alama za toni: *n-a-i-ki-m-lyi-i-a*. Maana yake anakila kitu fulani kwa ajili ya mtu fulani. *-ki-* ni chakula, *-m-* ni huyo mtu, vyote ndani ya neno moja, na *-i-* ya kabla ya irabu ya mwisho ni ile ile kauli ya kutendea mnayoijua kutoka *pikia*. Kinyarwanda kinakwenda mbali zaidi, kinaruhusu hata zaidi ya viwili. Makala ile ilizilazimisha nadharia zilizokuwa zikishindana wakati ule zieleze kwa nini lugha jirani namna hii zinagawanyika. Nadharia mtazipata muhula mzima, tangu kiima na kiarifu vya sarufi mapokeo mpaka Chomsky wa 1957 na waliomfuata. Sina haraka nazo leo.

Mkileta data ya lugha zenu, ileteni kwa mistari minne. Wa kwanza sentensi kama inavyosemwa. Wa pili sentensi ile ile ikiwa imekatwa kwa vistari: *wa-toto wa-me-ki-som-a ki-tabu*. Wa tatu maana ya kila kipande: ngeli, njeo, kiambishi cha yambwa, mzizi. Wa nne tafsiri. Idadi ya vistari katika mstari wa pili na wa tatu lazima ilingane, neno kwa neno. Isipolingana, msomaji asiyeijua lugha yako amepotea, na mara nyingi mwandishi mwenyewe alipotea kabla yake.

Kazi ya semina ya kwanza ni sentensi moja: *Barabara hii inapita malori.* Elezeni *malori* ni nini katika sentensi hiyo. Tumieni kiambishi ndani ya kitenzi, kauli ya kutendwa, urejeshi, na jaribio moja la kwenu ambalo sikulitaja hapa. Kisha itafuteni sentensi ya namna hiyo katika lugha nyingine mnayoisema, mwone kama inapita au inakwama, na inakwama wapi. Ulizeni wasemaji wasiopungua watano, wasiwe wote wa bweni moja. Karatasi zisizidi mbili, mchoro mmoja tu, na pembeni ya kila nyota pawe na sentensi nzima.

Muda wangu umekwisha. Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na waliokaa ngazini.